Nikifumba Macho Nipumue, Ndipo Hofu Inapozidi

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta, maana kila nikiisoma naona aibu. Wenzangu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi, mimi nakuja kukwambia kwamba nimeshindwa kupumua. Sina pumu. Sijawahi kuugua mapafu. Nimeshindwa tu kile ambacho kitoto kichanga kinakijua bila kufundishwa.

Nina miaka 34, kazi yangu ni uhasibu. Tangu mwaka huu uanze akili yangu imekataa kutulia. Saa 9 usiku macho yanafumbuka, makavu, na kichwa kinaanza kuhesabu: tarakimu ambayo sikuiingiza, barua pepe ambayo sikuijibu, neno nililomwambia bosi na jinsi alivyoniangalia. Saa 10 bado nahesabu. Usingizi unakuja kunisalimia dakika chache kabla kengele ya simu haijalia. Rafiki yangu aliyeanza yoga akanishauri nijaribu kutafakari kwa pumzi. Yeye siku hizi analala kama gogo, anasema.

Nikapakua programu kwenye simu. Kila siku saa 11 alfajiri nakaa dakika 20 juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, nakunja miguu, nafumba macho, na sauti ya mwanamke inaniongoza: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, ibane kwa hesabu ya 7, itoe kwa hesabu ya 8. Mzunguko wa kwanza naenda naye vizuri. Wa pili hewa yote imeshaniishia hajafika hata 6, nabaki namsubiri. Wa tatu navuta kwa kifua kizima kama mtu aliyeopolewa majini, na bado naona haitoshi. Kadiri ninavyoongeza kuvuta ndivyo inavyozidi kupungua. Vidole vinaingia ganzi, kama vina sisimizi ndani. Midomo nayo vilevile. Moyo unadunda mpaka shingoni. Wiki iliyopita nilifumbua macho nikiwa na hakika kabisa kwamba nakufa, palepale juu ya blanketi, na yule mwanamke bado anahesabu kwa upole wake: 5, 6, 7.

Nikadhani labda nahitaji mwalimu wa kumwona kwa macho. Nikaenda darasani na rafiki yangu, tulikuwa kama watu 12. Mwalimu akasema, "Ondoeni mawazo yote, akili ibaki tupu." Wenzangu wakatulia kama maji ya mtungini. Mimi nilikuwa nasikia koo langu likimeza mate. Mawazo hayakutoka, bali yalikaribisha na mengine ambayo hata nyumbani sikuwa nayo. Kisha likaja zoezi la kutoa pumzi harakaharaka kwa kupiga tumbo, kichwa kikazunguka, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia. Baadaye mwalimu aliniambia kwamba tatizo langu ni kung'ang'ania, nijiachie. Sasa nijiachie vipi?

Mume wangu si mtu mbaya, ila anasema nikiwa pale juu ya blanketi nafanana na mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Dada yangu naye, ambaye ni mtu wa ibada sana, aliniuliza kama najua ni nini hicho ninachokifungulia mlango.

Je, Shangazi, kuna watu ambao mambo haya hayawafai kabisa? Au kuna kitu nakosea? Na tafadhali usiniambie nijiachie.

Wako,
Mwenye Pumzi Fupi

*

Marahaba mwanangu,

Sikwambii ujiachie. Neno hilo huambiwa watu waliokaza, ambao wanajua fika kwamba wamekaza, na halijamsaidia hata mmoja.

Nianze na jambo ambalo si la safu hii. Hukuniambia kama umewahi kupimwa. Nenda mara moja, wakuangalie moyo, shinikizo la damu, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kumfanya mtu adundwe na moyo na kuona pumzi haimtoshi, na hakuna blanketi litakalomtibu. Na siku yoyote ukipata maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, au ukizimia, usiandike barua. Kimbilia hospitali.

Ukishapimwa ukaonekana mzima, rudi tuzungumze, maana kwa jinsi ulivyoeleza nadhani najua kilichokupata. Hukushindwa kupumua. Ulipumua kupita kiasi.

Twende taratibu hapa. Watu wengi tunadhani mwili unadai hewa kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, akiwa ameketi tu, damu tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 na zaidi. Ukivuta kwa kifua kizima hutaongeza kitu cha maana. Ubongo, dakika kwa dakika, unachungulia zaidi hewa ukaa, ile tunayoitoa. Ukibana pumzi kwa hesabu ya 7, hewa ukaa inapanda, na ubongo unagonga mlango: toa, vuta. Kwa aliyezoea, ni hodi ya kawaida. Kwa mtu ambaye tangu saa 9 usiku kichwa chake kiko zamu, hodi hiyo inasikika kama mlango unavunjwa. Basi unashtuka, unavuta kwa nguvu, unatoa kwa nguvu, unavuta tena, na sasa umeitoa hewa ukaa hadi ikashuka chini ya kiwango chake. Ikishuka hivyo, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo hubana, ndicho kizunguzungu chako. Kemia ya damu nayo hubadilika, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, ndio sisimizi wako wa vidoleni na midomoni. Na la ajabu ni kwamba ile hisia ya "hewa haitoshi" haiondoki, ingawa hewa unayo ya kumgawia na jirani. Kwa hiyo unaongeza kuvuta. Ni sawa na kunywa maji ya bahari ili kukata kiu.

Hofu ya kufa uliyoipata ni ya kweli kama hofu, na inatisha, sikubezi. Lakini ukiacha kuvuta kwa nguvu, hewa ukaa hujirudia kiwango chake ndani ya dakika chache na sisimizi huondoka wenyewe.

Lile zoezi la kupiga tumbo harakaharaka linaitwa kapalabhati. Ni zoezi la kuamsha. Wanaolipenda hulifanya asubuhi wachangamke. Kumpa mtu ambaye amekuja kutafuta utulivu ni kumpigia ngoma mtu anayebembeleza usingizi, na mwalimu angekuuliza kwanza hali yako kabla ya kukuingiza humo. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu la juu, mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa, hao wasiliguse, wala wasibane pumzi kwa muda mrefu. Wewe nawe liache kwa sasa.

Turudi kwa yule mwanamke wa kwenye simu. Wewe ni mhasibu, tufanye hesabu. 4 na 7 na 8 ni 19. Kama kila hesabu ni sekunde moja, pumzi moja inachukua sekunde 19, yaani unapumua mara 3 hivi kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20. Ulitolewa kwenye 15, au pengine 18 kwa jinsi unavyoishi, ukapelekwa kwenye 3 asubuhi ya kwanza, kabla jua halijatoka, ukiwa na usingizi wa saa nne. Nani asingeona anakufa? Hesabu zile zina watu zinaowafaa, lakini ni viatu vya mguu wa mtu mwingine.

Sasa sikiliza Kiswahili chako mwenyewe. Mtu aliyekuwa roho juu akiambiwa mgonjwa wake amepona, tunasema ameshusha pumzi. Hatusemi amevuta pumzi. Aliyeingiwa na hofu tunasema amebana pumzi. Na kupumzika, kama hukuwahi kuliangalia neno hilo kwa karibu, limetoka tumbo moja na pumzi na kupumua. Waliotuachia lugha hawakuwa na mashine ya kupima moyo, ila walishajua nafuu iko upande gani wa pumzi.

Unaweza kulihakikisha mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, mpaka uyapate mapigo. Vuta polepole, kisha toa polepole zaidi. Watu wengi husikia mapigo yakiharakisha kidogo wakati hewa inaingia na kujivuta wakati inatoka. Kuna neva iitwayo vagasi, inashuka kutoka shina la ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo na matumbo. Hiyo ni breki ya moyo. Ukivuta hewa, breki inalegezwa, ukitoa, inakanyagwa. Wewe kila ukiogopa umekuwa ukikimbilia kuvuta, yaani unaondoa mguu kwenye breki katikati ya mteremko.

Kwa hiyo utaanza kwa kutoa.

Blanketi liweke kando kwa wiki mbili. Lala chali sakafuni au kitandani, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Chukua kitabu chepesi ukiweke juu ya kitovu. Umesema kitoto kichanga kinajua kupumua, na ni kweli: kitazame kikiwa kimelala, kinachopanda na kushuka ni tumbo, mabega hayana habari. Chini ya mapafu kuna msuli mpana wa dayaframu unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishuka, mapafu yanapata nafasi na tumbo linasukumwa juu. Wewe, kwa maelezo yako, unavuta kwa kifua kizima, na nadhani mabega na shingo navyo vinavuta. Misuli ya shingo ni ya dharura, ya kukimbia. Ukiitumia ukiwa umekaa, mwili unaanza kutafuta ni nani anayekufukuza.

Basi umelala, kitabu kiko juu ya tumbo. Usivute. Toa tu hewa iliyomo, kwa pua, polepole, bila kukamua. Unajua unavyohemea kioo cha miwani kabla ya kukifuta? Fanya hivyo mara moja kwa mdomo wazi, usikie ile "haaa" kooni. Halafu fumba mdomo utoe pumzi ileile kwa pua. Utasikia mvumo mdogo, kama bahari iliyo mbali. Wana yoga wanauita ujjayi, lakini wewe huhitaji jina, unahitaji mvumo huo kwa sababu unaibana njia ya hewa kidogo na hewa inakataa kukimbia. Kitabu kinashuka. Kikishafika chini, ngoja. Sisemi ubane. Ngoja tu, kama unavyomngoja mtu aliyesema yuko njiani. Baada ya sekunde moja au mbili hewa itaingia yenyewe, kitabu kitapanda, na wala hukufanya kitu. Hapo ndipo utajua kuna pumzi inayovutwa na kuna pumzi inayokuja.

Fanya hivyo kwa dakika 5. Nimesema 5. Zile 20 zilikuwa kiburi cha programu. Usihesabu sekunde; ukitaka kuhesabu, hesabu pumzi zinazotoka, 1 mpaka 5, kisha urudi 1. Macho si lazima yafumbwe. Mtu mwenye wasiwasi akifumba macho hubaki amefungiwa chumba kimoja na kelele zake. Yaache nusu wazi, yatazame dari. Na kama hata hivyo kuiangalia pumzi kunakutia hofu, wapo watu wa aina hiyo na hawana kasoro yoyote, basi iache pumzi ijiendee, wewe weka akili kwenye uzito wa kitabu au nyayo zako zinapogusa sakafu. Pumzi itashuka taratibu kwa kuwa hakuna anayeitolea macho.

Baada ya wiki mbili au tatu, si kabla, unaweza kuanza kuvuta kwa hesabu ya 3 na kutoa kwa 4, halafu 3 kwa 5. Ukija kufika 4 kwa 6, hizo ni sekunde 10, pumzi 6 kwa dakika. Tafiti nyingi zinaonyesha moyo na shinikizo la damu hupatana vizuri kwenye mwendo wa karibu na huo. Lakini ukikaa miezi miwili kwenye 3 kwa 5 na unalala, kaa hapohapo, nani anakudai?

Kuhusu mawazo. Nilicheka, uniwie radhi, uliposema yalikaribisha na mengine. Nilipoanza mimi, miaka mingi iliyopita, nilikaa kikao kizima nikitunga maneno ya kumjibu shemeji yangu. Yalikuwa maneno mazuri kwelikweli, nusura nisimame nikayaandike. Kengele ikalia, nikagundua kwamba katika nusu saa nilikuwa nimeiona pumzi yangu labda mara nne. Nilirudi nyumbani najiona sifai.

Nilichokuja kujua ni kwamba wenye yoga yao hawakuanza na akili tupu. Patanjali, anayetajwa kuwa mwandishi wa Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga, aliipanga njia kwa viungo 8. Viwili vya mwanzo ni mwenendo wako kwa watu na kwako mwenyewe. Cha 3 ni kikao, naye anataka kiwe thabiti na cha raha. Cha 4 ndiyo pumzi, pranayama. Halafu kuna kuzirudisha hisi ndani, kuna kuikaza fikra mahali pamoja, ndipo inapokuja dhyana, kutafakari kwenyewe, na hicho ni cha 7. Anayekwambia siku ya kwanza uondoe mawazo yote amekurusha ngazi kadhaa na bado anakulaumu kwa kuanguka. Na tazama, kikao cha raha kinatangulia pumzi. Mumeo aliona kosa lako bila kujua: mtu aliyekaa kama anayesubiri kuitwa na daktari hajakaa kwa raha. Siku ukirudi kuketi, kaa kitini, mgongo umenyooka bila kukakamaa, miguu chini. Kukunja miguu si sharti la kutulia.

Mawazo yatakuja. Utakuwa umefika pumzi ya 2, utajikuta uko ofisini unabishana. Ukishtuka kwamba umeondoka, umesharudi. Toa pumzi, sema 1. Usijikaripie, maana kujikaripia nako ni wazo, tena refu. Siku nyingine hutafika 5 hata mara moja. Mimi mpaka leo zipo siku sifiki.

Ikiwa kichwa kina kelele kiasi kwamba hesabu haishiki, nguruma. Ziba masikio kwa vidole, fumba midomo, meno yaachane kidogo, toa pumzi kwa "mmm" ya nyuki. Linaitwa bhramari, na nyuki ndiye aliyelipa jina. Sauti inajaa fuvu, mawazo yanakosa pa kukaa. Uzuri wake mwingine ni kwamba huwezi kunguruma ukivuta. Lazima utoe, na utoe kwa muda mrefu, bila kuhesabu chochote. Mara sita zinatosha. Mweleze mumeo mapema, asije akadhani sasa umeharibikiwa kabisa.

Saa 9 usiku ni habari nyingine. Hapo usiamke kukaa, usiwashe simu, usianze mazoezi ya kujirekebisha. Lala ubavu. Vuta hewa kwa pua, na kabla hujatoa, ongeza kijipumzi kingine kifupi juu yake, kisha shusha yote kwa mdomo, ndefu, mpaka iishe yenyewe. Huo ni mwigo wa kitu ambacho mwili unakifanya bila wewe kujua mara kadhaa kila saa, kufungua vifuko vya hewa vilivyojikunja mapafuni. Umewahi kumwona mtoto aliyelia kwa kwikwi akianza kunyamaza? Anavuta mara mbili kwa kukatakata, halafu anashusha moja ndefu, na baada ya dakika kadhaa amelala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 utafiti uliowafanyisha watu mazoezi ya pumzi ya aina mbalimbali kwa dakika 5 kwa siku, mwezi mzima. Wasiwasi ulipungua kwa makundi yote, lakini waliokuwa wakishusha pumzi namna hii ndio walioona furaha yao kuongezeka kuliko wale waliowekwa kutafakari tu. Wewe fanya mara tatu au nne kitandani, kisha acha. Ukizidisha utarudi kulekule kwenye sisimizi.

Dada yako amekuuliza swali la haki na usimkasirikie. Yoga imetoka India, imekulia ndani ya dini za huko, na anayesema ni mazoezi ya viungo tu anakata mti na kuficha shina. Lakini kutoa pumzi polepole hakuna mwenyewe. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa. Kwa zote mbili, kupumua kulishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata. Kwa hiyo kama mantra inakusumbua dhamiri, usiitamke. Kama una dua au sala fupi ya imani yako, itamke nayo pumzi ikitoka, iishe nayo. Dada yako anaweza kukuta kwamba yeye mwenyewe amekuwa akifanya hivyo kwa miaka.

Hizo hesabu za saa 9 usiku, kwa sehemu, ni za kazi, na pumzi haitaingiza tarakimu uliyoisahau. Itakufanya uweze kuamka asubuhi ukamwambia bosi wako kwamba kazi ya watu wawili haifanywi na mmoja, kama ndivyo ilivyo. Na kama ile hofu ya kufa inakujia hata ukiwa hujakaa kupumua, njiani au kazini, au ukipitisha wiki kadhaa zaidi bila usingizi, mtafute daktari au mshauri wa afya ya akili. Kuna tiba ya hofu ya ghafla na inafanya kazi.

Programu ile ifute leo. Darasani rudi ukitaka, ila umwambie mwalimu kabla hamjaanza kwamba hutabana pumzi wala kupiga tumbo, na kwamba utafumbua macho ukihitaji. Akikataa, huyo si wako.

Niandikie baada ya wiki nne uniambie kitabu kinapandaje. Na usiku mmoja mwambie mumeo alale chali kando yako, naye awekewe kitabu chake tumboni. Mtazame mabega. Tuone kati yenu ni nani anayesubiri kuitwa na daktari.

Shangazi